Masikio ya fundi "hayazoei" mashine: jibu kuhusu kelele za karakana

*"Shikamoo mtaalamu. Nina karakana ya samani Unga Limited hapa Arusha, mafundi wanne na vijana wawili wanaojifunza. Tuna mashine ya kuranda, msumeno wa meza, grainda na kompresa, vyote chini ya bati moja. Fundi wangu mkuu ana miaka 14 kwenye mashine. Siku hizi analalamika masikio yanapiga mlio usiku, na mteja akimpigia simu ananipa mimi niongee. Mwenyewe anasema masikio yake yameshazoea, anaweka pamba tu. Niliwanunulia vizibo vya sponji, wakavaa siku chache wakaacha. Wanasema vinatoka, vinawasha, na hawasikii mashine wala mwenzao akiita. Je, pamba inasaidia? Ninunue kitu gani? Na huyu fundi atapona?"*

Marahaba. Maswali yako matatu nitayajibu, ila naomba nianze na lile neno la fundi wako, kwamba masikio yameshazoea, maana ndilo linalowaangusha mafundi wengi.

Sikio halizoei kelele. Ngozi ya kiganja ikisuguliwa na mpini wa randa huota sugu ikawa ngumu. Sikio halina sugu. Fundi anaposema mashine haimkeri tena kama zamani, mara nyingi maana yake ni kwamba sehemu ya sauti ya ile mashine haimfikii tena. Ukichanganya hilo na mlio wa usiku na simu anazokupa, picha inakuwa wazi kiasi cha kutosha kuchukua hatua leo, hata kabla ya kipimo.

Ndani kabisa ya sikio, nyuma ya ngoma na vile vifupa vitatu vidogo, kuna kiungo kilichojikunja kama konokono, kimejaa maji. Humo mna seli zenye vinywele, kama 15,000 kwa kila sikio. Mtu huzaliwa nazo zote, na ikifa moja haioti nyingine. Sauti inapoingia maji hutikisika, vinywele hupinda, na seli hutuma habari kwenye mshipa wa fahamu. Kelele kubwa huzifanyisha seli hizo kazi kupita uwezo wake mpaka zinachoka, na zikichoshwa kila siku bila kupumzika zinakufa. Ule uchovu fundi anauhisi jioni: masikio yamejaa, sauti za watu ziko mbali, anaongeza redio. Asubuhi yamefunguka, naye anaona mambo yamekwisha. Hayajaisha. Hata pale usikivu unaporudi, baadhi ya viungo kati ya seli na mshipa wa fahamu vinaweza kuwa vimekatika kwa kudumu, na kipimo cha kawaida cha kusikiliza milio kisilionyeshe hilo mapema.

Kelele ya kazini haili usikivu wote kwa mpigo. Huanza kwenye sauti nyembamba, hasa karibu na herzi 4,000, yaani mitikisiko 4,000 kwa sekunde. Irabu za Kiswahili ni sauti nene na zina nguvu, kwa hiyo fundi bado anasikia kwamba mtu anaongea. Kinachopotea ni s, sh, f, t, k. Mwambie mtu wa namna hiyo "kata sentimita sita", kisha "kata sentimita tisa", huku umempa mgongo. Irabu ni zilezile, i na a. Tofauti yote imo kwenye s na t. Akikosea, watu watasema hayuko makini, na mbao itakuwa imeshaharibika. Ndiyo sababu pia anakupa simu: uso kwa uso anasaidiwa na midomo ya msemaji, lakini kwenye simu midomo haipo, na mtandao wa kawaida wa simu hukata sauti nyembamba nyingi kabla hazijamfikia.

Ule mlio wa usiku hautoki nje. Ubongo ukikosa habari kutoka kwenye seli zilizokufa hujaribu kuongeza sauti upande wake, na mtu anasikia filimbi au nyenje. Mchana kelele inaufunika, usiku nyumba ikitulia unajitokeza.

Sasa pamba. Haisaidii. Hewa hupita kati ya nyuzi zake na sauti hupita na hewa. Inapunguza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) chache tu, na zile chache ni za sauti nyembamba inayokera. Fundi anahisi nafuu, kumbe kipimo cha kelele kinachomfikia kimebaki karibu palepale. Ubaya wake mkubwa ni huo, kwamba inampa mtu moyo wa kusimama kwenye mashine siku nzima. Earphone za muziki ni mbaya zaidi, kwani ili asikie wimbo juu ya mashine ya kuranda lazima apandishe sauti, na muziki nao unaongezwa kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya mezani. Kipimo kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 saa 2, 94 saa 1, 97 dakika 30, na 100 dakika 15 tu kwa siku nzima. Mashine za kuranda, misumeno ya meza na grainda kwa kawaida hucheza kati ya 95 na 105 mahali anaposimama fundi. Chukua siku ya wastani: saa 2 kwenye mashine ya kuranda yenye 100, saa 1 kwenye msumeno wenye 97. Saa 2 ni mara 8 ya dakika 15. Saa 1 ni mara 2 ya dakika 30. Jumla, fundi amekula kelele ya siku 10 ndani ya siku moja, na bado hatujagusa grainda. Na usijumlishe mashine kama unavyojumlisha pesa: mbili za 97 zikiwaka pamoja zinatoa 100.

Kipimo cha haraka bila kifaa ni hiki: simama umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mwenzako. Ikibidi upaze sauti ndipo akuelewe, mko 85 au zaidi. Programu za simu zinasaidia kulinganisha mashine na mashine, au kabla na baada ya kurekebisha kitu, lakini maikrofoni za simu zinatofautiana sana, hivyo usizitumie kama ushahidi.

Kabla hujarudi dukani kununua vizibo vingine, anza na mashine. Desibeli 3 utakazozitoa kwenye mashine zinamlinda kila mtu aliye chini ya lile bati, wakiwemo vijana na hata mteja aliyekuja kuchukua kitanda, na hakuna anayeweza kuzisahau mfukoni.

Mashine ya kuranda hupiga kelele hata kabla mbao haijaingia. Visu vinapozunguka karibu na ukingo wa meza, kila kimoja kinaisukuma hewa kwenye ule mwanya mwembamba, na inatokea sauti ya king'ora. Kwa hiyo jambo la kwanza halina gharama: mashine isiachwe ikizunguka tupu wakati mtu anachagua mbao au anapokea simu. Pangeni mbao zote, washeni, randeni, zimeni. La pili ni visu. Kisu butu hakikati, kinapiga, na mbao inatetemeka na kulia. Hakikisha visu vyote vimetoka urefu sawa. Kimoja kikizidi, ndicho kinachofanya kazi yote na kelele yote. Siku ukibadilisha mashine, ulizia kichwa chenye vipande vidogo vya kukatia vilivyopangwa kwa mzunguko kama parafujo. Kinakata kidogo kidogo mfululizo badala ya kupiga pigo moja pana, na tofauti ya kelele ni kubwa.

Kwenye msumeno wa meza, angalia diski. Utomvu wa mbao kama paina huganda pembeni ya meno, diski inasugua mbao na kupiga mayowe. Chomoa waya wa umeme kwanza, toa diski, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua kwa brashi, kausha. Diski nyembamba iliyopinda hulia hata ikiwa safi. Hiyo ni ya kutupa. Sogeza mkono kwenye mashine ikiwa imezimwa na kuchomolewa, utikise shafti: ikicheza, beringi zimekwisha. Mkanda uliolegea na boliti za kava zilizolegea huongeza kelele bila faida yoyote. Chini ya miguu ya mashine weka vipande vya tairi kuukuu vyenye unene sawa, kisha ifunge kwenye zege, maana mashine inayorukaruka inatumia sakafu kama ngoma.

Kompresa, na jenereta kama unayo, vitoke nje ya chumba cha kazi, nyuma ya ukuta wa tofali, na moshi wa jenereta uelekee mbali na watu. Moshi huo una kaboni monoksaidi, ambayo mbali ya kuua, inalifanya sikio liumizwe zaidi na kelele. Thina mnayochanganyia vanishi nayo mara nyingi ina tolueni, na tolueni ikikutana na kelele huumiza sikio kuliko kelele peke yake. Kwa hiyo kupulizia rangi kufanyike mahali penye hewa, mbali na mashine. Na acheni kupuliza vumbi la nguo na meza kwa hewa ya kompresa. Mlio wa ile bomba uko karibu kabisa na sikio, na brashi inafanya kazi ileile.

Bati na kuta tupu hurudisha sauti, kwa hiyo mashine iliyobanwa kwenye kona inasikika kubwa kuliko iliyo katikati. Isogeze. Meza ya kukunia na kupiga msasa kwa mkono iwe upande wa mbali, au nje chini ya kivuli, ili anayefanya kazi ya kimya asilipie kelele ya mwingine.

Ukishafanya hayo, karakana bado itakuwa juu ya 85 mashine zikiwaka. Hapo ndipo vizibo vinaingia.

Vizibo vya sponji ni vizuri kuliko sifa yake, tatizo ni uvaaji. Kinachotoka baada ya dakika tano hakikuingia. Mikono iwe safi, kwa sababu vumbi la mbao na gundi ndivyo vinavyowasha, wala si sponji. Kisokote kizibo polepole kwa vidole mpaka kiwe chembamba bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma. Tundu la sikio lina kona, na ukilivuta kona inanyooka. Ingiza kizibo upesi kabla hakijavimba, kishikilie kwa kidole sekunde 20 hadi 30 mpaka kijae. Kikikaa vizuri, mtu anayekutazama usoni haoni kizibo kikichomoza, na sauti yako mwenyewe unaisikia nzito kana kwamba unaongea ndani ya pipa. Jaribio la mwisho: mashine ikiwaka, funika masikio kwa viganja, kisha achia. Kelele ikipungua sana unapofunika, kizibo hakijakaa. Kichafu kitupwe, hakioshwi.

Kwa watu wanaovaa na kuvua mara kwa mara, vikinga vya kuvaa kichwani, vile vyenye vikombe viwili, vinafaa zaidi. Ningenunua hivyo kwa wanaotumia mashine kwa vipindi vifupi, na sponji kwa anayekaa kwenye mashine ya kuranda asubuhi nzima. Ila mto wa kikombe lazima uguse ngozi pande zote. Kofia ya mzula ikipita chini yake, kilemba, nywele nene au mkono wa miwani vinaacha mwanya, na kelele haihitaji mlango. Mto ukikakamaa au kupasuka, badilisha. Vijana wanapenda kuutanua ule utepe wa juu ili usibane. Ukishalegea, kifaa kimekwisha.

Namba ya kwenye pakiti isikudanganye. Ile iitwayo NRR, yaani desibeli ambazo kifaa kinapunguza, imepimwa maabara, kwa mtu aliyevalishwa vizuri. Njia ya tahadhari ni kutoa 7, kisha kugawa kwa 2. Kizibo cha NRR 32 kinabaki na 12.5, hivyo kelele ya 100 inafika sikioni kama 87.5. Kwa saa 2 za kuranda hiyo inatosha. Kwa kazi ya 105 na zaidi, avae vizibo na vikombe pamoja. Namba hazijumlishwi, unapata kama desibeli 5 juu ya kile chenye nguvu zaidi. Kwenye pakiti za Ulaya utaona SNR. Hicho ni kipimo kingine, usikilinganishe namba kwa namba na NRR.

Usikimbilie namba kubwa kuliko zote. Kinachohitajika ni kelele inayofika sikioni, kwa wastani wa siku nzima ya saa 8, iwe kati ya 75 na 80 hivi. Mtu akizibwa kupita kiasi anajiona yuko peke yake duniani, na atavua. Na kuvua ndiko kunakoharibu kila kitu: kifaa chenye uwezo wa desibeli 30, kikivuliwa nusu saa tu ndani ya saa 8 za kelele, faida yake ya siku nzima inashuka mpaka kama 12. Kikombe cha wastani kinachokaa kichwani kinakishinda cha bei kubwa kinachoning'inia shingoni.

Malalamiko kwamba hawasikii mashine wala mwenzao ni ya kweli nusu. Kizibo hupunguza kelele na sauti ya mtu kwa pamoja, hivyo uwiano wake haubadiliki sana. Mtu mwenye masikio mazima, ndani ya kelele kubwa, husikia maneno vilevile au hata vizuri zaidi akiwa amevaa, kwa sababu sikio halijalemewa. Sauti ya mashine nayo hubadilika, haipotei. Apewe muda aijifunze upya. Nusu nyingine ni kwamba fundi wako mkuu, aliyekwisha kupoteza sauti nyembamba, anaweza kweli kukosa mwito. Kwake chagua kizibo kinachopunguza sauti nene na nyembamba kwa usawa, na mkubaliane ishara za mikono. Msimguse mtu kwa nyuma akiwa kwenye msumeno. Zunguka, simama anapoweza kukuona, ngoja mbao ipite. Taa moja inayowashwa kwa swichi ya mlangoni inatosha kuita watu.

Je, atapona? Seli zilizokufa hazirudi, na hakuna matone, mafuta ya nazi ya uvuguvugu wala kitunguu saumu kitakachozirudisha. Ngoma ya sikio ni ukuta. Unachomwaga nje hakifiki kule ndani, na kikikuta ngoma imetoboka unaleta tatizo jipya. Lakini uharibifu wa kelele una jambo moja jema: kelele ikiondolewa, kwa kawaida huacha kuendelea. Anachoweza kuokoa ni kilichobaki, na kilichobaki bado ni kingi. Kwa wengi mlio hupungua ukali au huacha kuwasumbua wakipata usingizi na wakiacha kulala penye ukimya kabisa. Redio ya sauti ya chini au feni husaidia. Kifaa cha kusikilizia kinaweza kumfaa baadaye, ingawa kinakuza sauti zaidi ya kuzisafisha.

Apimwe, na asijiaminishe kuwa ni kelele tu. Inawezekana kabisa ni nta iliyoziba, au mchanganyiko. Dawa nazo huulizwa: kwinini kwa dozi kubwa na sindano za jentamaisini zinaweza kuleta mlio na kupunguza usikivu, kwa hiyo aseme alichowahi kutumia. Kwa Arusha anaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru na kuulizia kipimo cha usikivu; Hospitali ya KCMC, Moshi, ina idara ya masikio, pua na koo. Aende Jumatatu asubuhi kabla hajagusa mashine, akiwa amekaa angalau saa 14 bila kelele, la sivyo kipimo kitasoma uchovu wa jana. Karatasi ya majibu itunzwe. Wale wengine watano nao wapimwe, vijana hasa, kisha kila mwaka, maana kipimo cha kwanza ndicho kinachokuonyesha kama hatua zako zinafanya kazi.

Kisheria, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakutaka wewe mwajiri utoe vifaa vya kinga. Usivikate kwenye mshahara. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, wanasajili maeneo ya kazi, wanapima kelele na afya za wafanyakazi. Kupoteza usikivu kwa kelele za kazini ni ugonjwa wa kazini, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unachangiwa na mwajiri peke yake, kwa hiyo hakikisha umejisajili kabla suala halijafika huko.

Mambo machache hayasubiri Jumatatu. Sikio likipoteza usikivu ghafla ndani ya siku moja mbili, hasa upande mmoja, hiyo ni dharura: matibabu yana nafasi nzuri yakianza ndani ya siku chache, na kusubiri lifunguke lenyewe kunaipoteza nafasi hiyo. Aende pia haraka akiona usaha au damu, kizunguzungu cha kuzungukwa na nyumba, uso kulegea upande mmoja, au mlio unaodunda pamoja na mapigo ya moyo. Na mlio wa upande mmoja tu, hata bila maumivu, daktari wa masikio auone, kwa sababu kelele ya karakana kwa kawaida hugusa masikio yote mawili.